Maswali ya Wasomaji: Kurudi Kisiwani Kuitafuta Nasaba

Msimu huu zimetufikia barua kadhaa za wasomaji wanaotaka kusafiri hadi visiwa walikotoka wazee wao, ili wawajue jamaa zao na asili ya ukoo. Tumechagua nne zinazogusa Pemba na Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro. Barua tumezifupisha na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI

Shikamoo, Bibi Mshauri. Mimi ni msichana wa miaka 27, mzaliwa wa Mtwapa katika Kaunti ya Kilifi. Babu mzaa baba alikuja Kenya akiwa kijana pamoja na wavuvi wenzake kutoka Pemba, akaoa huku na asirudi tena. Baba yangu aliishi miaka mingi bila kitambulisho, kwa kuwa sisi Wapemba hatukuhesabiwa kuwa raia, mpaka serikali ilipotutambua mwaka 2023. Sasa nami nina kitambulisho na pasipoti, na shauku yangu ya kwanza ni kwenda Pemba kuwatafuta jamaa za babu. Yeye ameshatangulia mbele ya haki. Bibi yu hai, lakini ni Mdigo wa Vanga, na anachokumbuka ni kwamba mumewe alikuwa akiitaja Kojani. Nianzie wapi? Je, nipime vinasaba kwanza? Na watu wasionijua watanipokeaje?

Mjukuu wa mvuvi, Mtwapa

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa pasipoti hiyo ambayo baba yako aliingoja muda mrefu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu nyumba zilizo katika hali kama yako ni nyingi, kuanzia Vanga, Shimoni na Gazi hadi Mtwapa, Watamu na Malindi.

Kabla ya kufunga safari, jitahidi kujua babu yako alikuja wakati gani, kwa kuwa Wapemba hawakuja Kenya kwa mkupuo mmoja. Wengi walifuata samaki: waliweka dago, yaani kambi ya wavuvi, ufukweni kwa miezi michache, wakarudi kwao pepo zilipogeuka, mpaka ukafika mwaka ambao baadhi yao walioa na kubaki. Wakati huo hapakuwa na mpaka wa kuvuka kwa maana tunayoijua leo, kwani ukanda wa pwani wa maili kumi, ijapokuwa ulitawaliwa na Waingereza pamoja na Kenya, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mnamo Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana kuwa ukanda huo uwe sehemu ya Kenya, na Disemba ya mwaka huo nchi zote mbili zikapata uhuru, Zanzibar tarehe 10 na Kenya tarehe 12. Mvuvi wa Kipemba aliyekuwa dagoni hakuhama hata hatua moja, lakini alijikuta yuko ugenini. Wengine walikuja baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, na wengine wanaozidi elfu mbili walivuka hadi Shimoni baada ya machafuko ya kisiasa ya Zanzibar ya Januari 2001, ingawa wengi wa hao hawakukaa.

Tofauti hii utaiona ukifika. Aliyeondoka kwa uvuvi, akiwa amewaaga wazazi wake, kisiwani hukumbukwa kama mwana wa nyumbani aliyechelewa kurudi, na pengine bado kuna anayejua alipanda chombo gani. Aliyeondoka katika siku za hofu, huenda watu wake walimsomea khitma wakidhani amepotea baharini, au walijizoeza kutomtaja. Ukijua babu yako yuko upande gani, utajua uingie kwa maneno gani na uulize kwa tahadhari kiasi gani.

Sasa keti na bibi yako. Usimwulize maswali ya jumla kama "babu alitoka wapi", maana jibu lake umeshalipata. Mwulize nahodha aliyemleta aliitwa nani na chombo chao kiliitwaje. Walivua kwa jarife, kwa juya au kwa madema. Nani walisimama upande wa babu siku ya ndoa. Na barua au salamu zilipokuja kutoka Pemba, alizileta nani. Mwulize pia jina alilokuwa akiitwa na wavuvi wenzake, kwa sababu baharini watu hupewa majina ya utani yanayoweza kulifunika kabisa jina la kuzaliwa, na mzee wa Kojani asiyemtambua mtu kwa jina la baba yake huweza kumtambua mara moja kwa jina la dagoni. La muhimu kuliko yote, mwulize babu alikuwa akiwataja wanawake gani: mama yake, dada zake, shangazi aliyemlea. Wanaume wa visiwa vile walitawanyika hadi Mafia, Dar es Salaam na pwani ya Kenya, ilhali wanawake wengi walibaki. Atakayekumbuka kwamba babu yako alizaliwa, akaumwa surua, akaondoka, yumkini ni mjukuu wa dada yake aliyehadithiwa na nyanya yake.

Ukimaliza kwa bibi, nenda kwa wazee wa Kipemba wa Mtwapa na Vanga wenye umri wa babu yako. Kumbuka kwamba Pemba hakuna majina ya ukoo kama ya Wazungu. Mtu huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na majina yenyewe hujirudia mno. Ukifika Wete ukauliza habari za Kombo Faki utaonyeshwa Kombo Faki wengi, wazee kwa vijana. Kwa hiyo jaribu kupata mnyororo wa majina manne au matano, kisha uandike pembeni jina la mama wa kila mmoja, maana hilo ndilo litakalomtenganisha babu yako na wenzake. Jihadhari pia na majina yaliyobadilishwa huku Kenya. Unajua mwenyewe kwamba baadhi ya wazee, ili wapate vitambulisho, walijiandikisha kuwa Wadigo au Wabajuni na wakachukua majina yanayofanana na kabila hilo. Kama baba yako alijaza fomu za uraia zilizoeleza asili ya wazazi wake, omba uzione, kwani huenda aliandika kitu ambacho hajawahi kukusimulia.

Kuhusu vinasaba, ushauri wangu ni kwamba usitumie fedha zako huko kwa sasa. Kipimo cha namna hiyo hukulinganisha na watu waliokwisha kupimwa, na hifadhi za kampuni zinazofanya kazi hiyo zimejaa watu wa Marekani na Ulaya. Mkojani utakayemkuta humo ni wa bahati tu. Nauli ya kwenda Pemba pamoja na zawadi itakufikisha mbali zaidi.

Njia ya safari ni nyepesi. Unaweza kushuka kwa basi kutoka Mombasa kupitia Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga, kisha ukavuka kwa boti ya abiria katika siku zinazokuwepo au kwa ndege ndogo. Au upitie Dar es Salaam na Unguja, ambako boti za kwenda Mkoani ni nyingi zaidi. Nenda na pasipoti, ugongewe muhuri mpakani, na uulizie mapema masharti ya cheti cha chanjo. Nakuomba sana usikubali kuvushwa usiku na vyombo vya wavuvi, hata kama anayekuchukua ni jirani yako na hataki nauli. Utaingia nchi ya watu bila muhuri, na jina la familia yako limeshateseka vya kutosha kwa kukosa karatasi. Zaidi ya hayo, mkondo wa Pemba ni mkali. Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander, iliyokuwa kubwa kuliko mashua yoyote ya uvuvi, ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Ukikaa Pemba siku chache utakutana na nyumba zilizopoteza mtu katika ajali hiyo, nawe uwape pole.

Kojani ni kisiwa kidogo kilicho mashariki mwa Pemba, kina watu wengi mno kwa ukubwa wake, na kutoka kisiwa kikubwa huvukwa kwa mwendo mfupi wa mashua. Ukifika, usianze kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia ile, jieleze wewe ni nani na umetoka wapi, umwonyeshe pasipoti, na umwombe akukutanishe na wazee. Hiyo ndiyo adabu ya mahali, na pia ndiyo njia ya mkato, kwa sababu sheha anajua kiambo kipi kina watu wao Kenya. Uende umevaa kwa stara na, ikiwezekana, ufuatane na mtu mzima wa nyumbani kwenu. Wazee wa kiume watazungumza nawe barazani, lakini usiishie hapo. Omba kuingia ndani kwa wanawake, maana huko ndiko yanakotunzwa majina ya akina mama uliyotumwa kuyatafuta.

Ikiwa Kojani hapatikani anayemjua, usikate tamaa. Kojani inavuma kwa uvuvi, na huenda huko ugenini babu yako aliitaja kwa kuwa wenzake wa chomboni walikuwa wa huko, naye akawa ametoka Tumbe, Msuka, Micheweni au upande wa Wingwi. Hapo ndipo jina la nahodha litakapokufaa, kwa sababu nahodha alikuwa akikusanya mabaharia kutoka vijiji anavyovijua.

Msimu nao una maana. Masika mvua hukaza na njia za vijijini huwa mbaya. Mimi napendelea mtu aende wakati wa vuno la karafuu, hasa miezi ya Julai hadi Septemba ikiwa mwaka ni wa vuno kubwa, kwa kuwa watu waliotawanyika hurudi nyumbani. Mchana hawana nafasi nawe, wako juu ya mikarafuu au wanageuza karafuu zilizoanikwa majamvini, lakini usiku familia nzima huketi chini kuzunguka chungu ya karafuu mbichi kuzichambua, karafuu upande huu na vikonyo upande ule, na mikono ikishika kazi ndimi hufunguka. Keti nao, uchambue. Habari ambazo mzee hakuzitoa mchana alipoulizwa rasmi, huzisema usiku huo akimkosoa mwenzake aliyekosea jina la mtu.

Umeuliza watakupokeaje. Kwa kawaida, vizuri sana, na machozi hayatakosa. Lakini katika baadhi ya nyumba utaona wasiwasi ambao hakuna atakayeutamka: je, huyu amekuja kudai fungu la babu yake? Babu yako huenda aliacha minazi au mikarafuu ya urithi, na waliobaki wameitunza na kuila kwa miaka sitini. Kwa hiyo sema mapema, tena mbele ya wazee, kwamba umekuja kuunga udugu na kuzuru makaburi, na kwamba hukuja na habari ya mirathi. Beba zawadi za kiasi, kama leso, sukari na majani ya chai, uwape wakubwa kwanza. Usiahidi fedha wala kazi za Mombasa. Makaburi mengi ya vijijini hayana maandishi, yamewekwa mawe tu, kwa hiyo omba mzee akuongoze na akutajie kila kaburi ni la nani, nawe uandike papo hapo kwa mpangilio wa safu, kuanzia upande wa njia. Kazi hiyo ifanye hata kama ni jambo moja tu utakalopata nafasi ya kulifanya, kwa sababu mzee anayeijua safu ile hatakuwepo daima.

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi naishi Muscat. Wazee wa mama yangu walikuwa na shamba la mikarafuu karibu na Wete na nyumba mjini Unguja, wakaondoka mwaka 1964. Mama sasa ana umri mkubwa na anataka kupaona kabla hajafa. Wanangu nao wanataka kwenda ingawa Kiswahili chao ni cha kubabaisha. Kaka yangu anasema tusiende bila hati za shamba ili tuweze kulidai. Unatushauri nini?

Mtoto wa Wete, Muscat

JIBU

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Mpelekeni mama, na mfanye haraka.

Habari ya kudai naomba muitenge kabisa na safari hii. Baada ya Mapinduzi serikali ilitaifisha ardhi, na mashamba mengi yakakatwa kuwa eka tatu tatu wakapewa wakulima. Kwa sheria ya mwaka 1992 ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma. Yule utakayemkuta chini ya mikarafuu ya babu yako yumkini ni mjukuu wa aliyepewa eka hizo, amezaliwa hapo na kuzika wazazi wake hapo. Akimwona mtu ametoka Oman na bahasha ya hati mkononi, ataogopa, na mtu aliyeogopa hatamwonyesha mama yako kisima alichokuwa akiteka maji utotoni. Kama mna hoja ya kisheria, mwoneni wakili siku nyingine, ninyi wenyewe, bila mama.

Hata hivyo hati hizo zina thamani ambayo kaka yako hajaiona. Hati za zamani za kuuza au kuweka rehani mashamba hutaja shamba kwa mipaka yake: kaskazini shamba la fulani bin fulani, kusini njia ya kwenda mahali fulani, pamoja na majina ya warithi na mashahidi. Humo mnapata majirani wote wa babu yenu katika ukurasa mmoja. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, iliyopo Kilimani mjini Unguja, ina hati nyingi za aina hiyo kwa Kiarabu na Kiingereza, pamoja na kumbukumbu za mahakama na za wakfu. Ombeni ruhusa ya kusoma mapema, na mwende na majina kamili ya mababu na ya mahali, kwa kuwa mhudumu hawezi kuwatafutia "shamba la Wete". Hapo Muscat penyewe, Mamlaka ya Nyaraka na Kumbukumbu za Taifa, iliyoundwa mwaka 2007, imekuwa ikikusanya nyaraka za familia zilizotoka Afrika Mashariki. Ulizeni huko kabla ya kupanda ndege.

Kuhusu watoto, wafundisheni salamu za wakubwa na namna ya kujitambulisha kwa nasaba mpaka zitoke bila kigugumizi. Yaliyobaki mama atawatafsiria, na nadhani yeye atafurahia kazi hiyo kuliko jambo lolote lingine la safari. Siku ya Wete msimpangie ratiba. Mkodi gari la siku nzima, aseme yeye lini kusimama na lini kuondoka.

SWALI

Mwaka jana nilikwenda na mama yangu Pemba kuwatafuta watu wa bibi yake. Tulipokelewa vizuri, lakini mzee mmoja akatuambia kwamba bibi huyo hakuwa Mpemba wa asili. Aliletwa mtoto kutoka bara, akawa mtumwa shambani karibu na Chake Chake kabla ya kupewa uhuru. Mama alikasirika na amenikataza kuendelea. Niache?

Mwana wa Temeke, Dar es Salaam

JIBU

Usiache, mwanangu, lakini usimlazimishe mama. Mzee yule hakuwatukana. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja huku ya Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Karafuu ikapanda bei, Pemba ikageuka kitovu cha zao hilo, na wenye mashamba wakahitaji mikono. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini watu waliendelea kuvushwa kwa siri, wengi wao watoto, hadi amri ya Aprili 1897 ilipoondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Bibi yenu alikuwa miongoni mwa watu hao, na kazi ya mikono yao ndiyo iliyoijenga Pemba. Aibu ya jambo hili haimwangukii yeye hata kidogo. Inawaangukia waliomwiba kwao.

Amri ile haikuwapa watu uhuru kwa mara moja. Mtumwa alipaswa aende mahakamani kuuomba, na mwenye mali alilipwa fidia, kwa hiyo mambo hayo yaliandikwa. Kumbukumbu za Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar iliyopo Kilimani, Unguja, kuhusu utumwa na ukombozi zinafaa kutazamwa ikiwa mna jina lake, jina la bwana wake na jina la shamba. Mara nyingine huandikwa pia kabila alilojitaja nalo, kama Mnyasa, Myao au Mzaramo, na hapo mtapata kamba ya kuwarudisha bara. Kulikuwa pia na misheni ya Kiquaker huko Banani, si mbali na Chake Chake, iliyoanza mwaka 1897 kwa ajili ya watu walioachwa huru. Kama katika familia yenu kuna kumbukumbu ya skuli au kazi ya "kwa wamisheni", nendeni mkapazuru.

Mama mpe muda. Aghalabu waliokuwa watumwa walisema wao ni Washirazi au Waswahili kwa sababu jamii haikuwaachia nafasi ya kusema kingine, na mama yako amelelewa ndani ya kauli hiyo. Endelea kuandika, uhifadhi unachokipata, na siku atakapouliza umsomee.

SWALI

Naandika kutoka Unguja. Sisi tunaitwa Wangazija, lakini aliyetoka Ngazidja ni babu wa babu yangu, aliyekuja hapa kusomesha. Tunajua jina lake na kwamba alitoka Itsandra. Nitumie njia gani nikifika Moroni?

Bint wa Malindi, Unguja

JIBU

Una mwanzo mzuri, dada yangu, kwa sababu mtu aliyekuja kusomesha huacha alama kwa wanafunzi na kwa masheikh. Itsandra, pembezoni mwa Moroni, ndiko alikozaliwa Sheikh Ahmad bin Sumayt mwaka 1861, aliyekuwa kadhi mkubwa hapa Unguja na kufariki mwaka 1925. Wanazuoni wa miji hiyo walifahamiana na kusomeshana pande zote mbili za bahari. Anza kwa kuuliza hapa hapa mjini babu yenu alisoma kwa nani na nani alisoma kwake.

Kule Ngazidja usitegemee sana karatasi. Katika utawala wa Rais Ali Soilih, kati ya mwaka 1975 na 1978, nyaraka nyingi za serikali zilichomwa moto. Kituo cha Taifa cha Nyaraka na Utafiti wa Kisayansi kilichopo Moroni, kinachojulikana kwa herufi za Kifaransa CNDRS, kina maandiko na picha za kale na inafaa ukitembelee, lakini jibu lako lina uwezekano mkubwa wa kutoka mjini Itsandra kwenyewe.

Jambo litakalokushangaza ni kwamba ninyi mmehifadhi upande wa baba peke yake, na Ngazidja ukoo hufuata upande wa mama. Mtu ni wa inya, yaani ukoo, ya mama yake. Nyumba hupewa binti, na mume ndiye anayehamia. Kuna ardhi iitwayo manyahuli inayorithishwa kwa wanawake kutoka kizazi hadi kizazi. Ukimtaja babu yenu kwa jina la baba yake, watakusikiliza kwa heshima kisha watauliza mama yake alikuwa nani, wa inya gani na wa nyumba ipi. Ukikosa jibu hilo hawana pa kukuweka. Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi, zunguka kwa mashangazi na binamu wote wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam uwaulize jina la mama yake babu huyo na la dada zake, hata kama ni jina moja tu bila la baba.

Ukienda Julai au Agosti utakuta msimu wa harusi kubwa za anda, wakati ambapo Wangazija wa Ufaransa, hasa wa Marseille, hurudi nyumbani. Malazi huwa ghali na ndege hujaa, lakini wazee wote huwa mjini, na katika shughuli hizo watu huketi kwa vyeo na koo zao, kwa hiyo mwenyeji akikaa kando yako anaweza kukuonyesha kwa kidole nani ni wa inya gani. Kiswahili chako kitaeleweka kiasi, kwa kuwa lugha zetu ni ndugu na wapo wazee walioishi Unguja wakarudi baada ya mwaka 1964. Waulizie hao kwanza. Watakuwa wanawajua watu wa mtaa wako wa Malindi, na kutoka kwao utapelekwa Itsandra ukiwa umefuatana na mtu, jambo ambalo kule ni bora kuliko kufika peke yako na barua ya utambulisho.